Majibu ya Mashine ya Mbele

Nimechoka kuwasikiliza vijana wanaotoka vyuoni wakieleza tofauti ya seva ya wavuti na seva ya programu. Wanachora visanduku viwili ubaoni, wanaviunganisha kwa mshale, wanajifuta chaki mikononi, basi, wamemaliza. Mimi hukaa nyuma nikanyamaza. Tofauti hiyo niliijua Mtwara, kwa njia isiyochorwa ubaoni, na nikianza kuieleza nitajikuta nimefika chumbani kwa mama mkwe wangu kabla sijamaliza.

Nilianza kazi miaka ya tisini, nikiwa karani wa masjala katika ofisi moja ya mjini iliyoshughulikia vituo vya kazi vya walimu. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa bandari, aliletwa Mtwara kutoka Kilimanjaro nikiwa mdogo, kwa hiyo Mtwara ndiko nilikokulia, ingawa mpaka leo kuna watu wanaoniuliza kwetu ni wapi. Ofisi yetu ilikuwa na sehemu mbili. Mbele palikuwa na dirisha lenye nondo, na nyuma ya nondo alikaa dada wa mapokezi, mwanamke wa Mikindani mwenye sauti tamu na subira niliyoionea wivu. Nyuma kabisa, ukimaliza korido, ndiyo masjala: chumba cha mafaili, vumbi, na mimi.

Mwalimu akija kuuliza ombi lake la uhamisho limefikia wapi, kwa haki dada alipaswa ainuke, aje masjala, mimi nilitafute faili, nilisome, niangalie tarehe na mihuri, ndipo nimpe jibu. Kazi hiyo ilichukua nusu saa, na mara nyingi alinikuta nimenuna. Kwa hiyo dada alikuwa na majibu yake yaliyokwisha kuiva. "Linashughulikiwa, mwalimu." "Faili liko mezani kwa mkubwa." "Pita wiki ijayo, inshallah." Aliyatoa bila kuinuka kitini, na watu waliondoka wameridhika. Haukuwa ubaya, wala haukuwa uvivu mtupu. Mtu aliyekuja kwa baiskeli kutoka Msimbati, shati limelowa jasho, humwambii usoni kwamba hujui. Utakuwa umemfukuza. Unampa neno la kuondokea nalo.

Maombi mengi yalikuwa ya kubadilishana. Mkuu wa shule hakubali kumwachia mwalimu bila kupewa mwingine, kwa hiyo walimu walitafutana wenyewe. Wewe uko kijijini unataka mjini, basi unamtafuta wa mjini anayetaka kijiji chako hicho hicho, mnaandika barua mbili, mnapishana njiani na magodoro yenu. Walibandika matangazo kwenye mbao za shule, kwenye milango ya vioski, hata kwenye mkorosho uliokuwa mbele ya ofisi yetu: niko fulani, nataka fulani, mwenye nia anione. Aliyekuwa kijiji kizuri alipata mwenza wa kubadilishana naye wiki hiyo hiyo. Aliyekuwa kijiji kigumu alizeeka akisubiri.

Mume wangu alikuwa kijiji kigumu. Alifundisha mbele ya Msimbati, karibu na mdomo wa Ruvuma, mahali ambapo wakati wa kiangazi gari linazama kwenye mchanga na wakati wa mvua linazama kwenye tope. Alipelekwa huko tulipokuwa na mtoto mmoja. Wa pili alizaliwa, akatambaa, akaanza shule, baba bado yuko huko. Kiangazi alikuja Jumamosi kwa Jumamosi na magari ya samaki. Mvua ikianza, tulionana akipenda Mungu.

Tungevumilia, kama wengi walivyovumilia. Ila mama yake, mjane aliyeishi peke yake Newala na mikorosho yake, alipooza upande mmoja, na mume wangu ndiye mtoto pekee aliyebakia hai. Tukamleta kwetu Chuno, hapa mjini. Aliniomba jambo moja tu kuhusu chumba chake: kitanda kiwekwe ili akilala aone mlango wa mbele. Tukahamisha kabati, tukafungua pazia, akawa anauona. Alijua magari ya Msimbati hufika mjini alasiri. Basi kila alasiri, adhana ikishatoka msikiti wa jirani, ananiita kwa lafudhi ya kwao.

"Nkwe wangu, ntoto wangu kaja?"

Na mimi, natoka kazini miguu imevimba, sijavua hata viatu, namjibu: "Yuko njiani, mama." Au, "Kesho, mama." Nilikuwa na majibu matatu au manne, nayazungusha. Sikuona kama nasema uongo. Nilimwona mgonjwa, nikampa neno la kulalia.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, mradi fulani ukatuletea kompyuta. Mkuu wetu wa ofisi, mzee mwadilifu asiyepokea hata ndizi, alifurahi kuliko sote. Alikuwa amechoshwa na walimu wakuu, wachungaji, masheikh na wajomba waliokuwa wakija kuwasemea watu wao. Akawa na msemo wake, anausema kila kikao: "Kompyuta haina ndugu." Utaratibu mpya aliupanga mwenyewe. Kila mwalimu ataandikishwa alipo na anapotaka. Kila Jumatatu asubuhi mashine itawakutanisha wanaoweza kubadilishana. Waliokutanishwa watakuwa na siku kumi na nne kuja dirishani na kuthibitisha kwa sahihi. Wasipothibitisha, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye foleni, na wewe unarudi mwisho.

Mimi nilipelekwa Dar wiki sita kujifunza kuitunza mitambo. Nilikuwa mwanamke peke yangu darasani na mkubwa kuliko wote kwa umri. Mwalimu wetu aliongea haraka, na siku aliyoeleza zile seva mbili wenzangu waliandika kurasa nzima. Mimi niliandika mstari mmoja: ni dirishani na masjala.

Bado sijaona maelezo yanayozidi hayo. Seva ya wavuti ni dada wa dirishani. Inapokea swali la mtu, inampa ukurasa. Kama ukurasa upo tayari rafuni, inautoa huo huo, haraka, bila kuuliza kitu, kwa sababu yenyewe haifikiri wala haijui kilichoandikwa humo. Seva ya programu ni masjala. Iko ndani, watu hawaioni. Ndiyo inayofungua kumbukumbu, ikatazama nani anataka wapi, ikahesabu siku, ikaamua, ikaandika jibu jipya la mtu huyo kwa saa hiyo, kisha ikalipeleka mbele likatolewe. Niliporudi Mtwara niliwaeleza hivyo, na ofisi nzima ikaelewa kwa chai moja. Kuanzia hapo tukaziita mashine ya mbele na mashine ya nyuma.

Shida yetu ilikuwa umeme. Hapo gesi ya Mnazi Bay ilikuwa bado maneno, mji unaendeshwa na majenereta yaliyochoka kama sisi. Umeme ulikatika siku ulipotaka. Mashine ya nyuma ilikuwa kubwa, mpya, inataka kiyoyozi. Umeme ukienda, nayo ilikwenda. Mashine ya mbele ilikuwa kompyuta kuukuu isiyokula sana, nikaifunga kwenye betri mbili za lori na inveta ya kuugeuza umeme wake, ikawa inawaka mchana kutwa. Lakini kuwaka peke yake kulisaidia nini? Mwalimu anauliza, dada anaandika jina, mashine ya mbele inageukia nyuma, nyuma kimya, na kwenye kioo panatoka ukurasa mweupe wenye maneno ya Kiingereza na namba ya kosa. Dada alikuwa anageuza kioo pembeni kwa aibu.

"Mwenzangu," aliniambia siku moja, "hii mashine yako haina adabu. Mtu katoka kwao mbali, unamwonesha namba?"

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nikakaa nayo siku tatu nikaifunza adabu. Niliipanga mashine ya mbele iwe inaweka nakala ya kila jibu la mwisho lililotoka nyuma. Nyuma kukiwa kimya, itoe nakala. Mwalimu wa Dar alikuwa ametuonya kwamba ukifanya hivyo andika kwenye ukurasa kwamba ni nakala, na ni ya lini. Sikuandika. Niliona itazua maswali dirishani, dada ataanza kuulizwa mbona ya juzi, mbona si ya leo, na foleni itagoma kusogea. Nikaacha ukurasa uwe safi, kama uliotoka ndani dakika ile.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilisifiwa hadharani. Umeme wa Mtwara ukatike usikatike, dirisha letu linajibu. Walikuja watu wa ofisi nyingine kutazama. Mkuu aliwasimamisha mbele ya kioo, akawaambia haina ndugu na wala haizimiki. Mimi nilisimama pembeni nikitabasamu kama bibi harusi. 

Jina la mume wangu liliandikishwa siku ya kwanza. Nililiandika mimi mwenyewe, na mkuu alisimama nyuma yangu kuhakikisha sijalipandisha foleni. Baada ya hapo kila Jumatatu nilimtazama. "Hajapata mwenza." Wiki baada ya wiki, maneno hayo hayo. Nani angetaka kwenda kule? Nikifika nyumbani, naulizwa kama ntoto kaja, nazungusha majibu yangu. Mume wangu akija, mama yake anamshika mkono kwa ule mkono wake mzima hauachii, hata akila anakula kwa mkono wake wa kushoto, yeye aliyewachapa wanafunzi wake kwa kula kwa kushoto. Jumapili mchana akiondoka, mama anageuza macho ukutani mpaka kesho yake.

Mwaka wa tatu wa mashine hizo, mwishoni mwa kiangazi, mama akapigwa tena na kiharusi. Safari hii ulimi ukawa mzito na kumeza kukawa kwa shida. Tukampeleka hospitali, nikaomba likizo, nikapewa kuanzia Jumatatu. Mume wangu alikuja siku mbili, akarudi, mitihani ilikuwa inakaribia na shule nzima ilikuwa na walimu wanne. Kabla hajaondoka alisimama nami kwenye korido ya wodi. Si mtu wa kusema sana.

"Uniangalizie jina langu," alisema. "Safari hii hata wakinipeleka kulima bustani ya shule hapa mjini nitakwenda. Nataka nimkute bado ananijua."

Nikamwahidi. Na niliangalia, Mungu ananiona. Kila baada ya siku moja au mbili nilimpigia dada wa dirishani. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika, ingawa salio lilikuwa la kuhesabu pumzi. Dada anaandika jina, anasoma: "Bado hajapata mwenza, mwenzangu. Subira." Nakata simu, narudi wodini, nabadilisha shuka. Mama alipoanza kusema tena, maneno yake ya kwanza yaliyosikika yalikuwa lile swali. Nikamjibu, "Bado, mama, ila karibu kidogo tu."

Tulimrudisha nyumbani. Siku ya kumi na saba tangu nianze likizo nilikatiza nikaenda ofisini, kwa sababu dada aliniambia walimu wameanza kunung'unika: mwezi huu mbona hakuna hata mmoja aliyepata mwenza.

Mashine ya nyuma niliikuta inawaka. Feni inazunguka, taa ya kijani, kiyoyozi kinanguruma. Ukiitazama, nzima. Lakini programu iliyo ndani yake, ile yenyewe inayofikiri, ilikuwa haijaamka. Umeme ulikuwa umekatika Jumatatu ile ile niliyoanza likizo, ukarudi mchana, mashine ikawaka yenyewe. Programu ilihitaji mtu aiamshe kwa mkono. Mtu huyo nilikuwa mimi peke yangu, na nilikuwa wodini. Siku kumi na sita masjala ilikuwa imekufa, na dirisha likawa linajibu kwa tabasamu. Kama ningeiacha ile mashine na ukosefu wake wa adabu, saa ile ile ya kwanza ingetupa namba yake ya kosa, dada angenipigia, ningekimbia na kanga yangu ya hospitali.

Nikafanya alichofanya kila fundi mwenye haraka. Sikusoma kumbukumbu kwanza. Niliiamsha.

Haikuchukua dakika. Iliinuka, ikatazama tarehe, ikaanza kazi zake zilizolala, mstari kwa mstari kwenye kioo. Nami nilikuwa nimesimama, mkoba bado begani, nasoma. Mume wangu alikuwa amepata mwenza. Alimpata Jumatatu ile asubuhi, saa mbili na nusu, kabla umeme haujakatika na kabla dada hajaliuliza jina lake. Mwalimu wa mjini hapa, shule iliyo mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwetu, alikuwa ameomba upande wa Msimbati kwa sababu watu walisema gesi italeta neema kule na yeye ana shamba la minazi huko. Chini yake mstari mwingine: muda wa kuthibitisha umekwisha. Chini yake: nafasi imeondolewa. Chini yake: nafasi imepewa anayefuata, mwalimu mmoja wa Msimbati yenyewe. Mume wangu amerudishwa mwisho wa foleni. Mashine ilikuwa imefanya haki kama ilivyofundishwa. Haikujua kwamba kwa siku kumi na sita hakuna aliyeweza kuthibitisha.

Nywila nilikuwa nayo. Sitasema sikufikiria. Nilikaa, nikafungua ile kumbukumbu, vidole viko juu ya kibodi, tarehe moja tu ya kubadilisha. Nikasikia sauti dirishani. Yule mwalimu wa Msimbati alikuwa amekuja, kama alivyokuja kila wiki kwa miaka minne, na dada anamsomea jibu jipya: amepata mwenza. Mwanamume mzima alikaa chini pale kwenye sakafu ya baraza, akajifunika uso kwa kofia yake. Baadaye alitia sahihi. Nilifunga kumbukumbu, nikaenda kwa mkuu.

Nilimweleza yote, pamoja na nakala zisizo na tarehe. Alinisikiliza vizuri. Alivua miwani.

"Kosa ni la mashine," alisema, "na kosa ni lako, na pengine ni langu. Lakini huyu ni mumeo. Nikifungua hili kwa mume wa mtunza mashine, mama, nitasimama wapi tena?"

"Sijakuja kuomba ufungue, mzee."

"Umekuja kuomba nini?"

Nadhani nilikuja ili mtu mwingine ajue. Kesho yake mwalimu wa mjini naye akathibitisha, mambo yakaisha. Simu kwa mume wangu niliipiga mara tatu kabla haijashika. Nikamweleza yote. Kisha akasema, "Haya. Mama umemwambia?"

Kumwambia ilikuwa kazi nzito kuliko zote. Nilingoja alasiri, nikamlisha uji kijiko kwa kijiko, nikamfuta kidevu. Adhana ikatoka. Akauliza. Safari hii sikuzungusha. Nilimweleza kwamba nafasi ilipatikana ikapotea, kwamba mashine niliyoitengeneza ilikuwa inasoma habari ya zamani na mimi nikaiamini, kwamba mwanawe hatakuja kukaa. Nikalia, nakiri. Nilikuwa nimejibana muda mrefu.

Mama alikuwa anaongea pole pole wakati huo, maneno yanatoka nusu nusu, na kuna mengine niliyomalizia mwenyewe. Lakini haya sikuyaongeza mimi.

"Kule kwetu maji taabu," alisema. "Tunapanga ndoo bombani asubuhi. Kulikuwa na ntu wa bomba, ukimuuliza anasema yanakuja. Kila ukimuuliza, yanakuja. Tunakaa mpaka jua linazama, tunarudi na ndoo kavu, watoto wanalia. Akaletwa mwingine. Yule ukimuuliza anasema, sijui. Watu wakamchukia. Mimi nilimpenda. Akisema sijui, nakamata ndoo yangu nateremka bondeni mapema, narudi na maji."

Akapumzika. Nilidhani amemaliza.

"Wewe siku zote unaniambia kesho. Nilikuwa nakuonea huruma, nikakaa kimya. Ila siku zote nimekaa na ndoo."

Jumatatu iliyofuata niliirekebisha mashine ya mbele. Niliondoa nakala zote. Niliandika ukurasa mmoja tu, wa kutolewa kila nyuma kunapokuwa kimya, kwa Kiswahili cha wazi: "Sijui. Nimeuliza ndani sijajibiwa. Usitegemee jibu la jana." Mkuu alipouona aliniita, akaniambia haiwezekani ofisi ya umma ikamwambia mwananchi sijui. Tulibishana kwa heshima karibu wiki nzima, na mimi si mtu wa kubishana na wakubwa. Dada wa dirishani naye alinuna, alisema nimemrudisha kwenye aibu. Mwishowe mkuu alinitazama, nadhani aliona jinsi nilivyochakaa, akasema acha ukae mpaka gesi ije. Ukakaa. Walimu walitukana, wakazoea. Wengine wakauona wakageuza baiskeli zao saa hiyo hiyo, wakawahi kurudi darasani.

Mvua za mwaka ule zilianza mapema zikakataa kukoma. Barabara ya Msimbati ilikatika mara mbili, mara ya pili ikakatika sawasawa. Mnara wa simu wa kule ukazimika. Ilikuwa wiki ya saba mume wangu hajaja. Mama alikuwa hali chochote tena ila maji ya kijiko, na kila alasiri macho yake yalikuwa mlangoni kabla ya adhana.

Siku hiyo nilirudi nimelowa mpaka ndani. Nilikaa ukingoni mwa kitanda bila kubadilisha nguo. Akageuza kichwa kidogo.

"Ntoto wangu kaja?"

"Sijui, mama," nikasema. "Njia imekatika, simu haishiki. Sijui kama yuko njiani, sijui kama anajua unaumwa hivi. Sijui."

Mvua ilikuwa inapiga bati, nikadhani hakusikia.

"Haya," akasema. "Basi nigeuze."

Nilimgeuza kwa uangalifu, mto chini ya bega lililokufa, mpaka mlango ukawa mgongoni kwake. Hapo akawa ananitazama mimi. Aliushika mkono wangu kwa ule mkono wake mzima, kwa namna alivyokuwa akiushika wa mwanawe, na sikula chakula cha jioni kwa sababu hakuuachia. Alifariki siku ya pili yake, asubuhi, amelala upande huo huo.

Mume wangu alifika tumeshazika. Alitembea sehemu kubwa ya njia, tope limemfika magotini, viatu kavishika mkononi. Watu wa msibani walimpisha. Alinivuta pembeni, akaniuliza kitu ambacho kila mfiwa huuliza, na ambacho kila mtu anajua jinsi ya kukijibu.

"Aliniulizia? Alisema nini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, limeiva: kwamba alimtaja mwisho, kwamba amemwachia baraka, kwamba alilala kwa amani akijua mwanawe yuko njiani. Watu waliokaa kwenye mkeka karibu yetu walikuwa wanasubiri nilitoe.

"Alikuulizia kila siku," nikamwambia. "Siku ya mwisho nilimwambia sijui. Akaniomba nimgeuze, asitazame mlango."

Aliingia chumbani na tope lake, akakaa pale kitandani, mahali palipokuwa kichwa cha mama yake, akawa anautazama mlango wa mbele, ulio wazi, na watu wanaingia na kutoka.